Saruji kiunoni, unyevu kifuani

*Assalamu alaikum mzee wetu, na shikamoo.*

*Mimi ni mwalimu wa skuli, naishi Kiponda, Mji Mkongwe, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Ni nyumba ya mawe na boriti. Chini nakaa mimi, mume wangu na watoto, juu anakaa mama. Kaka zangu wawili wako Maskati na dada yetu mkubwa yuko Pemba. Mirathi bado haijagawiwa.*

*Tatizo letu ni maji. Ukuta wa ukumbini, ule uliopakana na choo cha jirani, unatoa unga mweupe tangu nikiwa mtoto. Zamani tulikuwa tunakwangua na kupaka chokaa Idi ikikaribia, maisha yanaendelea. Mwaka juzi kaka mkubwa alikuja likizo, akasema tufanye kitu cha kudumu. Akaleta fundi, akabomoa plasta ya chini yote mpaka usawa wa kiuno, akatia saruji iliyochanganywa dawa ya kuzuia maji, juu yake rangi ya mafuta. Kwa kweli kulipendeza. Masika haya unyevu umetokea juu ya ile saruji, umefika kifuani kwangu, na ile rangi imefanya matumbo. Ukiligonga tumbo linapasuka, linamwaga maji na mchanga.*

*Juu kwa mama kuna doa rangi ya chai kwenye dari, kona ya ukuta wa nje. Hapo pana boriti moja ambayo ncha yake ukiigusa inatoka unga. Chumba kinanuka uvundo na mama anakohoa usiku. Juu ya dari hiyo, chini ya bati, tumeweka tangi la lita 1,000 kwa sababu maji ya bomba yanakuja kwa zamu.*

*Sasa fundi yule yule anataka milioni nne na nusu, apandishe saruji mpaka juu na kubandika vigae nusu ukuta. Mume wangu anasema pesa hizo hatuna, tununue vifaa tufanye wenyewe, video za kila kitu zimejaa mitandaoni. Kaka wa Maskati katwambia hatumi hata riali moja mpaka apate kauli ya mtu asiye na maslahi. Basi mzee wetu, tufanye wenyewe au tuite fundi? Na tuanzie wapi?*

*Mwalimu wa Kiponda*

Wa alaikum salaam mwalimu, marahaba mwanangu.

Umeueleza ukuta kwa aya nzima na boriti kwa sentensi moja. Mimi naanza na boriti. Leo hii, kabla hujamjibu fundi wala kaka, mhamishe mama alale chumba kingine na lifungulie tangi maji yapungue. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo tangi lenu likijaa ni tani nzima, bila kuhesabu matofali mliyolikalisha. Dari za nyumba zetu za zamani zilipigwa kwa chokaa na mawe juu ya boriti za mikoko. Zilikusudiwa watu watandike majamvi wakae jioni wapunge upepo. Tani moja iliyoganda kona moja usiku na mchana haikuwamo katika hesabu ya mwashi yule.

Boriti ya mkoko ni mti mgumu, na chumba kikiwa kikavu huishi miaka mingi kuliko aliyeiweka. Ikiharibika, mara nyingi huanzia kwenye ncha, pale ilipozama ndani ya ukuta, kwa sababu ukuta ukilowa ncha hiyo hulowa pamoja nao na upepo hauifikii. Katikati utaiona nzima kabisa. Mume wako achukue bisibisi nyembamba, aisukume taratibu kwenye boriti karibu kabisa na ukuta. Mti mzima utaikataa mapema. Ikizama urefu wa kidole bila nguvu, boriti hiyo haibebi kitu tena, uzito wake umeshahamia kwa zilizo pembeni. Basi ajaribu na hizo za pembeni, maana maji hayachagui boriti moja.

Akishamaliza na bisibisi, mikono yenu iishie hapo. Najua kuegemeza dari kunaonekana kazi ndogo: mti wima, ubao juu, kabari chini. Lakini nguzo iliyosimama chumbani kwa mama inapeleka uzito wote kwenye sakafu yake, yaani juu ya vichwa vyenu huku chini. Ni lazima pawepo nguzo nyingine chini yake, sambamba nayo mpaka ardhini, na hiyo ya chini ndiyo husimamishwa kwanza. Mwashi anayezijua nyumba za mawe hahitaji kuambiwa hilo. Tarehe 25 Disemba 2020 sote tuliona sehemu ya Beit al-Ajaib ilivyoporomoka pamoja na mnara wake, mafundi wakiwa kazini, na watu wawili wakapoteza maisha. Lile lilikuwa jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, tena likiwa katikati ya matengenezo. Sikutishi, nyumba yenu ni ndogo na mzigo wake ni mdogo. Ila boriti si kazi ya kujifunzia.

Sasa tuje kwenye ukuta.

Fundi wenu huenda ni hodari wa kujenga Mbweni au Fuoni, kwenye matofali ya saruji. Ukuta wenu ni kitu kingine. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wake karibu nusu mita, juu yake plasta ya chokaa. Chini ya msingi hamna nailoni wala kizuizi chochote cha unyevu. Waliojenga walijua maji ya ardhini yatapanda, wakauachia ukuta nafasi ya kuyatoa kidogo kidogo kupitia plasta, kwa joto na upepo. Ule unga mweupe wa utotoni kwako ni chumvi. Maji huibeba kutoka ardhini na ndani ya mawe, yakikauka yanaiacha usoni mwa ukuta. Kukwangua na kupaka chokaa kila Idi, ambako kaka yako alikuona ni kuahirisha kazi, ndiko kulikokuwa kunauweka ukuta huo hai.

Saruji ile haikuzuia maji kuingia. Imeyazuia kutoka. Yanapanda kama yalivyokuwa yanapanda siku zote, yakifika kiunoni yanakuta mlango umefungwa, yanaendelea mpaka yakutane na plasta ya chokaa iliyobaki juu, yatokee hapo. Ndiyo maana unyevu uko kifuani leo. Ukimpa fundi hizo milioni akafunga mpaka juu, yatatafuta sehemu nyingine: upande wa jirani, au juu zaidi, kwenye ncha za boriti za sakafu ya mama. Wakati huohuo, nyuma ya saruji udongo unakaa umelowa na chumvi inajenga fuwele zinazosukuma kila kilicho mbele yake. Mchanga uliomwagika ulipopasua lile tumbo la rangi haukutoka kwenye kopo la rangi, mwanangu. Ule ni ukuta wako. Vigae kwa hivyo visahau, hata fundi akikupa bure.

Lakini saruji si maelezo yote, kwa sababu unyevu wa ardhini peke yake hupanda polepole na wewe umesema masika haya umeruka. Hapa ndipo nawapa kazi nyinyi wenyewe, na hapa namuunga mkono mume wako kabisa. Kutafuta maji yanatoka wapi kunataka mtu anayelala ndani ya nyumba. Fundi anapita asubuhi moja, anaona ukuta, anataja bei.

Chukueni penseli ya kawaida, mchore mstari kwenye ukingo wa unyevu, mwandike tarehe pembeni. Fanyeni hivyo ukumbini na kwenye doa la mama. Mvua kubwa ikipiga, mrudi mtazame baada ya siku moja na baada ya siku tatu. Doa linalotanuka baada ya mvua kisha likarudi, chanzo chake ni paa au mlizamu, yaani mfereji wa maji ya paani. Lisilojali mvua, linalokaa vilevile jua likiwaka wiki nzima, lina bomba au choo nyuma yake, au ni ardhi. Nimeona watu wakikodi vifaa vya kupimia unyevu kwa pesa nzuri ili waelezwe jambo ambalo penseli ingewaeleza.

Kama mna mita ya maji, siku ambayo maji yanatoka fungeni mabomba yote usiku na koki ya kuingiza maji tangini, muandike namba zake mpaka ile ya mwisho kabisa. Alfajiri kabla mtu hajatawadha, msome tena. Ikiwa imesogea, kuna bomba linalovuja ndani ya nyumba na hilo ni la fundi bomba, kazi ya siku moja, haina uhusiano na plasta. Kisha mpande darini. Mtazame boya la tangi kama linafunga sawasawa, na ule mpira wa maji yanayozidi unamwaga wapi. Mara nyingi unamwaga palepale juu ya sakafu ya chokaa, wenye nyumba wamelala. Kwa doa lenu la rangi ya chai, ambalo liko kona hiyo hiyo, mimi ningeanzia hapo kabla ya kulaumu bati.

Kwenye milizamu toeni majani, manyoya ya njiwa na mifuko. Mkiona kimti kimeota kwenye ufa wa ukuta wa juu, msiking'oe. Mizizi yake imeshikana na mawe, ukivuta unakuja nayo. Kateni shina karibu na ukuta na kila kinapochipua mkate tena, mwashi atautoa mzizi siku atakayofungua ufa ule.

Kisha kuna jirani. Choo chake kinaweza kuwa ndicho chenye makosa, na kinaweza kuwa hakina hata kosa moja. Usimpelekee shutuma, mpelekee ombi. Nenda wewe na mama, si mume wako na fundi. Mwombe kwa siku chache atumie choo kingine kama anacho, na nyinyi mtazame mstari wa penseli. Mkiwa kwake tazameni pia kiyoyozi, kama anacho, maji yake yanadondokea wapi. Siku hizi Mji Mkongwe umejaa vile vijipira vyeupe vinavyodondosha tone baada ya tone kwenye ukuta wa mtu mwingine, kiangazi na masika, na mwenye kiyoyozi hana habari. Kukirefusha kipira kile mpaka mtaroni ni pesa ya vitafunio.

Uvundo wa chumbani kwa mama ni fangasi. Kama doa zima halizidi kama mita moja ya mraba, safisheni wenyewe: madirisha wazi, barakoa na glavu, kitambaa chenye maji ya sabuni, mfute na msisugue kwa brashi kavu, kwa sababu brashi inaipeperusha ikaingia kifuani. Watu hukimbilia dawa ya klorini. Kwenye plasta ya chokaa inaondoa rangi nyeusi na kuacha mizizi ndani, na mmeongeza maji kwenye ukuta ambao tayari umelowa. Mkiamua kuitumia kwenye mbao za dirisha au vigae vya chooni, msiichanganye na dawa nyingine ya choo kabisa. Hewa inayotoka inaua. Magodoro na mazulia yaliyonuka yatoeni juani, lililooza litupeni. Na kikohozi cha mama kipelekeni kwa daktari, msingoje ukuta ukauke.

Kama kuna swichi au soketi kwenye ukuta ule uliolowa, zimeni umeme wa upande huo mpaka fundi umeme mwenye leseni aje. Hilo halina mjadala.

Naja kwenye saruji kuondolewa, maana lazima itoke. Je, mume wako anaweza? Mikono yake inaweza, lakini hajui wapi asimamishe. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe lililo nyuma yake, ikibanduliwa kwa pupa inatoka na kipande cha jiwe, na mashine ya umeme ya kutindua inatikisa mpaka mawe ya katikati. Hutolewa kwa tindo ndogo na nyundo nyepesi, kipande kwa kipande, kuanzia pale ambapo ukigonga kwa kitako cha mwiko panalia patupu. Sehemu iliyoshika sana mwashi mjuzi huiacha kwanza, ukuta ukikauka nyingine hulegea wenyewe. Na akifungua akakuta udongo wa ndani umegeuka tope, inabidi ajaze kwa vijiwe na chokaa hapohapo, vipande vidogo, kabla hajaendelea. Hayo video hazikuonyeshi, kwa sababu nyingi zimepigwa kwenye nyumba za nchi nyingine zilizojengwa kwa vitu vingine.

Ushauri wangu ni kwamba mume wako aingie kazini kama kibarua wa mwashi. Kifusi atoe yeye, chokaa achekeche yeye, maji ya kulowesha ukuta yawe juu yake asubuhi na jioni. Bei itashuka vizuri, na nyumba itakuwa na mtu anayejua kilichofanyika nyuma ya plasta. Mwambie avae miwani na glavu. Chokaa mbichi inachoma ngozi, ikiingia jichoni haina msamaha.

Huyo mwashi mtampata vipi? Msimuulize uzoefu wake wa miaka mingapi, kila mtu ana miaka. Msimamisheni mbele ya ukuta, mumuulize: hapa utatia nini? Akisema saruji kabla hajagonga wala kunusa, mpeni maji ya kunywa na mumuage. Akiuliza upande wa pili pana nini, maji ya mvua yanaenda wapi, saruji hii ilitiwa lini, huyo kaeni naye. Mwambieni awapeleke kwenye ukuta alioupiga chokaa na ambao umeshapita masika mbili. Kabla ya kazi yoyote piteni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, matengenezo yana kibali chake, na kwa suala la boriti mtataka jicho la mtaalamu wao kabla hamjaingia mkataba na mtu. Kwa wasomaji wengine wanaokaa nyumba za wakfu, anzeni Kamisheni ya Wakfu, kwa sababu nyumba si yenu kuitindua.

Wakati nao una maana. Masika hewa yenyewe imelowa, ukuta haukauki hata mkiuelekezea mapangaboi manne. Sasa fanyeni upelelezi wenu, na mwashi akinge boriti. Kipupwe kikiingia, kuanzia Juni, saruji ibanduliwe na ukuta uachwe uchi. Utakuwa mbaya, wageni watauliza, vumilieni. Mafundi wengi hukadiria ukuta mnene kukauka kama inchi moja kwa mwezi, na wenu una inchi kama ishirini, ingawa utakuwa unatoa maji pande zote mbili. Kila wiki mbili ufagieni kwa brashi laini ile chumvi inayotoka, muizoe muitupe nje, msiimwagie maji ikarudi ndani. Plasta ya chokaa ipigwe kaskazi, au hata kipupwe cha pili ikiwa bado unalia, kwa matabaka membamba, kila tabaka lipewe siku zake. Mwisho wake niru nyeupe, ile chokaa laini ya kupaka, na hapo kazi inarudi kwenu: kulowesha ukuta kidogo, kupaka nyepesi, kungoja, kupaka tena. Rangi ya mafuta au ya plastiki isisogee, hata muuza duka akikuapia kwamba hii inapumua.

Kwa kaka wa Maskati, mwambie hivi. Pesa za vigae abaki nazo. Anachotakiwa kutuma sasa ni cha kulishusha tangi likae uani chini na pampu ndogo ya kupandishia, na cha mwashi kukinga na kubadilisha boriti. Ukuta una muda, utalipwa kwa vipande: saruji ikitoka, nusu ya plasta, plasta yote, na sehemu ya mwisho ibaki mkononi mpaka vuli ipite. Kwa kuwa nyumba bado ni ya warithi wote, kila risiti ipigwe picha, iende kwa kaka wote wawili na dada wa Pemba siku hiyohiyo, na muandikiane kama kilichotolewa ni mchango au ni deni la kukatwa siku ya kugawa. Mmeshindwa na ukuta kwa sababu ya maji, msije mkashindana kwa sababu ya shilingi.

Bisibisi ikishafanya kazi yake, niandikie imezama kiasi gani na kwenye boriti ngapi, pamoja na ulichosoma kwenye mita. Picha ya ukumbini usinitumie, hiyo naijua. Nitumie ya zile ncha.